Muchaneta

Siku mume wa Revesai alipozikwa, waombolezaji wakiwa bado makaburini, mbwa wa jirani walipenya uzio wakaua kuku wake wanne. Hapakuwa tena na mtu wa kuwakimbiza kwa fimbo.

Wiki iliyofuata jirani alimpa mbwa wake mkubwa jina jipya: Muchaneta, yaani mtachoka. Kijijini kwao watu hawatukanani usoni. Tusi hupewa mbwa alibebe.

Revesai aliapa kwamba jina hilo halitatoka kinywani mwake, maana kulitamka ni kukiri kwamba amechoka. Kwa miezi miwili alirusha mawe na kupiga kelele, hadi akabakiwa na tetea mmoja tu, aliyelalia mayai nyuma ya jiko. Tetea huyo aliletwa na marehemu mumewe mwenyewe kutoka sokoni, kamkumbatia kwapani.

Leo asubuhi Revesai alisimama kwenye uzio na pande la nyama lililolowekwa dawa ya kupe. Mbwa alimtazama kwa mbali. Alimpigia mluzi, hakusogea.

“Muchaneta,” akaita. Kisha kwa nguvu, “Muchaneta! Njoo, baba.”

Jirani alichomoza kichwa dirishani, akacheka. “Hee, bibi! Leo umelijua jina? Umechoka, eeh?”

“Nimechoka, mwanangu.”

“Si ungesema mapema! Tungekupa pole.”

Mbwa alikuja akitikisa mkia. Alikula taratibu, kisha ulimi wake wa moto, wenye kukwaruza kama msasa, ukamlamba Revesai kiganja na vidole, kimoja kimoja.

Revesai akaenda kunawa mikono kwa majivu. Dawa ile huchukua nusu saa.