Yurea kwa Shemeji

Mjane alifungua mlango akamkuta shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, kashika nyanya. Kitako cha nyanya hiyo kilikuwa kimeoza, cheusi, kimebonyea ndani.

"Shamba zima liko hivi," alisema. "Kaka alikuwa anaweka nini kule?"

Kaka mtu hakuwahi kuweka kitu. Mjane ndiye aliyebeba samadi kichwani na kuchanganya chokaa kwenye udongo kila msimu ili matunda yasioze, mpaka nyanya zake zikawa zinagombaniwa sokoni. Wiki ile waliyomzika mumewe, shemeji huyu alimwambia mwanamke hana shamba, akalichukua.

Mjane aliipokea ile nyanya. Akabonyeza pale peusi, maji machachu yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Mfuko wa chokaa ulikuwa nyuma ya mlango.

"Udongo una njaa," alisema taratibu. "Mwagia mbolea ya yurea. Usiibanie."

Alijua yurea nyingi itampa majani ya kutamanisha, na matunda yataoza zaidi.

"Na nikishamwaga?"

"Ongeza tena."

Shemeji akashusha pumzi. "Mungu akubariki. Mimi nilidhani una kinyongo."

"Kinyongo cha nini, shemeji? Wahi dukani kabla hawajafunga."