Pasi za Pimbi

Zamani wanyama walipokuwa na ligi yao, Paa na Pimbi walianza pamoja kama wapiga pasi wa timu moja. Kasuku mtangazaji aliwalinganisha kila mechi: "Pasi za Paa zinazaa mabao, za Pimbi zinaokotwa vichakani!"

Pimbi aliumia, maana kocha Nyati alishasema mmoja wao ataachwa.

"Kocha, leo naomba tubadilishane washambuliaji: mimi nimpasie Duma, Paa ampasie Kobe."

"Haya, mwanangu, jaribu."

Kufikia mapumziko, Duma alikuwa amefunga mabao matatu kwa pasi za Pimbi. Paa alifoka, "Kobe, unaniangusha!"

"Tulia, kaka," Kobe alijibu akihema. "Bado naifuata pasi ya Pimbi ya Jumapili."

Nyati alicheka mpaka akakaa chini. Wapiga pasi akawabakiza wote wawili, akampeleka Kobe golini.