Digidigi Amtafuta Bodi

Zamani, wanyama walipoanza kukaa vikao, Digidigi aliteuliwa mjumbe wa bodi ya makao ya yatima. Alidhani kazi yake ni kutikisa kichwa. Kila mara Kanga, mlezi wa yatima, alipolalamika kwamba ua wa miiba una pengo, mwenyekiti, Pofu mwenye pembe ndefu, alijibu, "Bodi italishughulikia." Digidigi akaafiki, akiamini kwamba Bodi ni mnyama mkubwa asiyependa kuhudhuria vikao.

Asubuhi moja Fisi akapenya, akamng'ata mtoto wa swala mguuni. Digidigi akapandwa na hasira, akatoka kumtafuta huyo Bodi.

"Mimi ni mwenyekiti tu," Pofu akasema. "Iulize bodi."

Kobe, mjumbe mwenzake, akasema, "Mimi humsikiliza mwenyekiti. Iulize bodi."

Digidigi akachanganyikiwa, asijue aende mbele au arudi nyuma. Akamwendea Kanga, aliyekuwa akifunga kidonda cha mtoto wa swala.

"Dada Kanga, huyu Bodi anakaa wapi?"

Kanga akakaza fundo. "Bodi ni ninyi, bwana mjumbe. Wewe, Pofu na Kobe."

Digidigi akageuka. Akalitazama pengo, akamtazama mtoto, asijue aanze na lipi. Mwishowe akaliburuta tawi la miiba kwa meno, akaziba, akafuata jingine, hata midomo ikamchanika.

Mtoto wa swala akauliza, "Mjomba, nani aliliacha wazi?"

Digidigi akalitua tawi.

"Ni mimi, mwanangu," akasema, akaenda kuchukua tawi jingine.