Mwiko wa Bi Saumu

Siku ya mwisho ya mafunzo ya usimamizi wa miradi, Mwalimu Shekue alitoa mtihani: pilau ya kiwanda kizima, mezani saa saba.

"Bi Saumu, wewe ndiye meneja wa mradi. Ukigusa mwiko tu, umefeli, na usimamizi wa jiko jipya la kiwanda atapewa mwingine."

Bi Saumu, mpishi mkuu asiyewahi kumwachia mtu sufuria, aliikalia mikono yake. Vitunguu vikaanza kuungua. Vidole vikamwasha.

"Hamisa! Moto huo ni wako. Amua wewe."

Hamisa, msaidizi wake, akachomoa kuni mbili upesi.

Saa saba ukumbi mzima ulikuwa unatafuna. Bi Saumu akasimama, akainua juu mikono isiyonuka hata kitunguu, na Hamisa akapiga kigelegele, mwiko ungali mkononi mwake.