Jina la Lapo Mwokaji

Mjane aliingia bila kubisha hodi, unga ukiwa bado mikononi mwake. Mtawa Ubaldo alikuwa akimalizia historia ya mji, ambayo kesho yake angeisoma uwanjani mbele ya mtawala.

"Baba, mume wangu Lapo umemwandika?"

"Yule mwokaji aliyenyongwa?"

"Aliyenyongwa kwa kuwagawia wenye njaa mikate ya mtawala. Au kitabu chako ni cha farasi na karamu tu?"

Ubaldo alicheka kidogo, kisha akainamisha kichwa. "Nitamwandika, mama. Nakuahidi."

Mjane alipoondoka, Ubaldo aligundua kwamba ngozi ya kondoo ya kuandikia imemwishia. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umejaa sifa za karamu ya mtawala, sifa ambazo Ubaldo mwenyewe alikwisha kuzikariri.

Akachukua kisu, akazikwangua. Zilidondoka sakafuni kama makombo ya mkate. Juu ya ngozi ile iliyokwanguliwa akaandika jina la Lapo na alilolitenda.

Asubuhi uwanja ulijaa. Mtawala alitabasamu, akingoja sifa zake. Ubaldo alimtafuta mjane kwa macho, akamwona, akafunua ukurasa wa mwisho, akalisoma jina la Lapo.