Vijiko vya Arusi

Mgeni alibisha hodi wakati Mbaruku amepiga magoti uani, akitazama mapovu. Ndani ya chupa ya achari vijiko sita visivyoshika kutu vilining'inia kwenye maji ya magadi, vimefungwa nyaya za betri kuukuu ya gari. Gesi ilipita kwenye mpira hadi bakuli la sabuni, na povu likaumuka taratibu.

"Nafundisha chuo cha ufundi," mgeni alisema. "Nimesikia unatengeneza haidrojeni. Maonyesho ni kesho, na meza imebaki moja. Washa nione, nikuandike."

Mbaruku alitoa kiberiti, kisha akakirudisha mfukoni. "Mke wangu kaenda kisimani. Vijiko hivi ni vya arusi yake. Alinipa kwa sharti moja, siku gesi ikiwaka mara ya kwanza awepo."

"Basi langu linaondoka, kaka. Akirudi si utawasha tena?"

"Hiyo haitakuwa ya kwanza."

Mgeni alicheka, akaaga, akaenda zake na meza yake.

Mwatima aliporudi, betri ilikuwa imechoka. Povu lililobaki halikuzidi konzi moja.

"Nani alikuwa hapa?"

"Mtu wa maonyesho. Alikuwa na haraka."

Mwatima alitazama bakuli, kisha akamtazama mumewe. "Na hukuwasha?"

"Nilikwambia nitakungoja."

"Rudi nyuma basi. Nyusi ulizounguza kwa lile jiko lako la mafuta taa zimeota juzi tu."

Akaitua ndoo, akachomoa kiberiti mfukoni mwa mumewe, akajifunika uso kwa kanga akaacha jicho moja, akanyoosha mkono, akakwaruza njiti.