Blanketi la Watu Watatu

Wewe ungenyamaza, mumeo akitandika blanketi la watu watatu ilhali mmekuja wawili?

Marlys hakunyamaza. Tangu wapige hema kule juu, mzee wake alikuwa akichungulia simu na kuificha. Sasa, kwenye mteremko wa nyasi unaotazama jukwaa la tamasha la muziki, alikuwa akilainisha upande ule mtupu kwa kiganja, taratibu, kama anayemlaza mtoto.

"Huyo kimada wako anafika saa ngapi, babu wewe?"

"Geuka umwone."

Marlys aligeuka, ngumi tayari. Aliyesimama pale alikuwa binti yao, ambaye Marlys mwenyewe alimfukuza nyumbani kwa kuolewa na mpiga gitaa.

"Niondoke, mama?"

Chini, ngoma zilianza. Ngumi ikalegea.

"Kaa, mwanangu. Nilishindwa tu kukuita."